Mguu Juu ya Breki ya Pili

Miaka yote aliyofundisha udereva, mwalimu huyu alishika kanuni moja na hakuivunja: penye shaka, simama. Hakusema punguza mwendo, hakusema piga honi. Simama. Wanafunzi walimwita Simama, kwanza kwa kumkejeli, kisha kwa mazoea, hata muuza mkaa akawa anaelekezwa nyumbani kwa Simama na mke wa mwalimu mwenyewe.

Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa ya mwanafunzi, na nyingine ilifungwa upande wa abiria, chini ya mguu wake wa kulia. Mguu ule haukupumzika. Fundi viatu wa mtaani kwao alimjua kwa soli ya kulia, iliyolika kuanzia kwenye vidole huku ya kushoto ikiwa nzima. Mkewe alisema hata usingizini mguu huo hukanyaga godoro, na kwamba yeye ameolewa na mtu anayeegesha kitanda.

Wenye kucheka wacheke. Katika mji ambao watu wengi hupata leseni kwa soda na tabasamu, yeye alimrudisha mtoto wa kaka yake mara tatu kwa sababu hakutazama kioo kabla ya kuondoka. Kaka alinuna, shangazi wakaitwa, kikao kikawekwa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa chai, akasema kijana arudi Jumatatu ajifunze kutazama kioo. Mtu wa namna hii anastahili heshima, na ninasema hivyo mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji amwone mjinga. Hakuwa mjinga.

Rafiki yake alikuwa kinyozi. Walikalia dawati moja shuleni na kupigwa fimbo moja kwa kosa moja. Baadaye mwalimu alimwoa dada wa kinyozi, lakini urafiki ulitangulia ushemeji, na neno shemeji walilitumia kwa utani tu, au walipokaribia kugombana. Duka la kinyozi lilikuwa chumba chembamba chenye viti viwili, kioo kilichopasuka kwenye pembe, na mashine ya kunyolea iliyoning'inia kwenye msumari. Nyuma ya chumba hicho, baada ya matanuri ya matofali, ulipita mto.

Ulikuwa mto wa kawaida, wa rangi ya chai ya maziwa. Wavulana wale wawili walijifunza kuogelea humo, na tangu siku hizo walijiuliza jambo moja: unaanzia wapi? Wenzao walikua wakaliacha swali hilo, kama watu wanavyoacha kupanda miti. Wao hawakuliacha. Kinyozi aliligeuza kuwa sehemu ya kazi yake. Kila mteja mgeni, akishafungwa shuka shingoni na wembe ukishafika karibu na sikio, aliulizwa kwa upole kama ameshawahi kufika huko juu. Mtu katika hali ile hujibu kwa adabu. Dereva mmoja wa lori alisema mto unatoka kwenye ziwa kileleni. Muuza mbuzi akaapa kwamba unatoka chini ya mwamba na maji yanachemka. Bwana mmoja wa misitu alisema hauna mwanzo wowote, ni kinamasi tu, umande uliojikusanya. Jibu hili lilimkera kinyozi kuliko yote, na bwana yule aliondoka na ndevu zilizopunguzwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Kiangazi kimoja ofisi ya majaribio ya udereva ilifungwa ipakwe rangi. Wanafunzi wakatawanyika, gari likakaa uani bila kazi, na kuku wakaanza kulizoea. Kinyozi alikuja jioni, akalizunguka gari mara kadhaa kama mnunuzi, kisha akasema wakati umefika wa kwenda kuuona mwanzo wa mto. Mwalimu alikubali kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Lakini kinyozi alikuwa na sharti.

"Naendesha mimi," alisema. "Na huo mguu wako ukae mbali na breki."

"Nitakaa kama abiria yeyote."

"Abiria yeyote hana breki, shemeji."

Sharti lile lilikuwa na sababu. Kinyozi alipata leseni kwa haki, mikononi mwa mwalimu mwenyewe, miaka mingi iliyopita. Hakuwahi kumiliki gari. Kila alipoendesha aliendesha gari hilihili, na pembeni yake mguu uleule ulikuwa umeinuliwa juu ya breki ya pili. Alitaka kuendesha safari moja kama mtu mzima. Ikifanikiwa, alisema, kila kiangazi watakwenda mahali: mwaka ujao kwenye mapango ya popo, mwaka unaofuata kule kunakochimbwa chumvi, kisha kwenye maporomoko ambayo husikika kabla hayajaonekana. Aliyataja maeneo hayo kama mtu anayetaja majina ya watoto ambao hajawazaa. Mguu ukigusa breki, basi, yeye hapandi tena gari na mwalimu.

Walipeana mikono juu ya boneti. Kinyozi alikifungua kibao cha herufi L kwa mikono yake, akakifunika kwa gunia na kukiacha stoo.

Waliondoka asubuhi na blanketi, sufuria, mkate na dumu la maji. Waliufuata mto kwa barabara, na kila palipokuwa na daraja walisimamisha gari na kushuka hadi majini. Hapo ndipo ungewaona wazee wale wenye mvi wakichuchumaa kama watoto. Waliyatazama maji kwenye kiganja, waliyaonja, waliyanusa. Kinyozi alirusha jiwe kuelekea ng'ambo. Kwenye madaraja ya kwanza lilitumbukia katikati, baadaye likafika ukingoni, na kufikia jioni alikuwa analipitisha juu ya vichaka vya upande wa pili. Rangi ya chai ilipungua maziwa kidogo kidogo. Mwalimu alitaka kujua ni wapi hasa maji yanabadilika, akarudi nyuma kwa miguu kwenye jua kali mpaka akakuta kijito chenye udongo mwekundu kikiingia kutoka pembeni. Alirudi amelowa jasho na amefurahi kama aliyeokota kitu. Kila mahali waliwauliza watu mto unaitwaje, na kila mahali ulikuwa na jina lingine. Mama mmoja aliyekuwa anafua aliwaangalia kwa huruma.

"Huu?" alisema. "Huu ni mto tu, baba zangu."

Walilala nje, kwenye jabali pana lililokuwa bado na joto la mchana. Alfajiri tumbili aliiba sabuni ya kinyozi, akaiuma, akabaki ametoa povu mdomoni huku akiwatazama kwa lawama kubwa. Kinyozi alisema ameshawahi kunyoa wateja wenye sura mbaya kuliko ile.

Na mguu? Siku ya kwanza mguu ulitii. Mwalimu aliukunja chini ya paja, akaukalia. Kwenye kona kali uliponyoka na kukanyaga sakafu, pembeni kidogo ya breki. Kinyozi aliona, akacheka, akasema sakafu haijamkosea mtu. Aliendesha vizuri, na hili ni lazima lisemwe. Alibadilisha gia kabla ya mlima, alitazama vioo, aliwapisha ng'ombe bila kuwapigia honi. Mwalimu yeyote angejivunia. Huyu naye alijivunia, na bado mguu ulitetemeka.

Siku ya pili lami iliisha, barabara ikawa nyembamba, na asubuhi hiyo wakafika mahali pasipo na daraja. Mto ulikuwa umepungua upana, maji yake yanaonyesha mpaka chini, na barabara iliingia ndani yake na kutokea ng'ambo. Mama mmoja alikuwa anakata nyasi ukingoni. Walimsalimu, wakamwuliza mwanzo wa mto. Alinyoosha mundu kuelekea kilima cha ng'ambo, akasema ni huko nyuma yake, hata jasho halitawatoka. Kisha akalitazama gari.

"Hapa watu wanavuka," alisema. "Ila ingieni taratibu na msisimame. Mchanga wa hapa unameza. Ukisimama tu, umekwisha."

Kinyozi alimshukuru. Alivua viatu, akauvuka mto mzima kwa miguu kwanza, akipapasa chini kwa nyayo, akarudi. Kina kilifika gotini. Aliingia garini, akaweka gia ya kwanza, akaingiza gari majini kwa mwendo mmoja, wala haraka wala kusita, kama anavyopitisha wembe shingoni mwa mtu.

Katikati ya mto jiwe liligonga chini ya gari. Lilikuwa pigo dogo tu, lakini ilikuwa sauti ambayo mwalimu hakuijua, na palipo na asichokijua palikuwa na shaka. Mguu ukashuka.

Gari lilisimama. Injini ikatikisika, ikazima. Kwa muda hapakuwa na kitu ila maji yakipita milangoni, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzama, kwa upole sana, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Ukingoni yule mama aliweka mundu wake chini na kujishika kiuno.

"Palikuwa na shaka," mwalimu alisema.

"Ilikuwa yako," kinyozi akajibu. "Mimi sikuwa nayo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mama wa nyasi alijua jinsi ya kuwasaidia. Aliwaambia kuna mwenye trekta bondeni anayebeba magogo, na kwamba akipata ujumbe atakuja akimaliza kazi yake. Mtu alitumwa. Kinyozi alikamua suruali yake, akasema basi waende kilimani kwa miguu wakati wanasubiri. Mwalimu alisema gari haliachwi mtoni. Kinyozi alimwuliza nani ataliiba gari ambalo hata lenyewe haliwezi kujitoa. Yule mama naye alisema yupo hapo na nyasi zake, ataliangalia. Mwalimu alitikisa kichwa. Gari lilikuwa mkononi mwake, na yeye ndiye aliyelisimamisha. Kinyozi akaenda peke yake.

Mwalimu alibaki amesimama majini, mkono mmoja kwenye mlango. Samaki wadogo kama sindano walikuja kulichunguza bomba la moshi. Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyowahi kuyajua mjini. Jani moja lilielea kutoka juu likamgusa mguuni, akaliokota. Lilikuwa nene, lenye meno pembeni, na chini yake lilikuwa jeupe kama limepakwa chaki. Hakuwahi kuona mti wenye jani kama lile. Aliligeuza na kuligeuza, akamwuliza mama wa nyasi ni mti gani, naye akajibu kwamba iko mingi tu kule juu, imezunguka yanapotokea maji.

Kinyozi alirudi jua likiwa utosini, magoti meusi kwa udongo. Mwalimu hakumpa nafasi ya kukaa. Ni ziwa? Si ziwa. Yanachemka? Hayachemki. Ni kinamasi? Hapana, na bwana misitu apewe salamu. Ni shimo chini ya mizizi, kinyozi alisema, lenye mdomo kama wa beseni, na chini kabisa mchanga unachezacheza bila kutulia.

"Ukiweka viganja juu yake, maji yanakusukuma," alisema. "Taratibu. Kama mtoto tumboni."

Mwalimu aliuliza kama yana sauti. Aliuliza harufu, kina, rangi ya mchanga, kama mkono unaingia mpaka kwapani. Kinyozi alijibu mawili matatu, kisha akamtazama.

"Nenda," alisema. "Trekta haijaja. Nakaa mimi na gari."

Njia ilionekana wazi, ikipanda katikati ya majani makavu. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Akasema trekta inaweza kufika wakati wowote, na mwenye gari asipokuwepo mambo yanaweza kuharibika. Hakuwa na hakika.

Trekta ilifika vivuli vikiwa virefu. Mtu angeweza kwenda kilimani, akarudi, akaenda tena.

Mwenye trekta alilitoa gari, akawasaidia kukausha injini, na asubuhi iliyofuata likawaka. Safari ya kurudi mwalimu aliendesha mwenyewe. Kinyozi alikaa kiti cha abiria, mahali penye breki ya pili, na njia nzima alikuwa amekunja miguu yote miwili juu ya kiti.

Kanuni ni kitu chema, na watu wasiokuwa nazo nimeona wanavyoishia. Lakini kanuni hufaa mahali pake. Iliyotungwa kwa ajili ya njia panda ya mjini haijui mchanga wa mtoni, na anayeibeba kila mahali bila kuuliza ameacha kufikiri, hata kama kwa macho ya watu bado ni mwadilifu. Na aliyepeana mkono kwa ahadi alipaswa kukumbuka kwamba ahadi nayo ni kanuni.

Hawakugombana. Mwalimu bado hunyolewa kwenye duka lile, na kinyozi bado huja kula kwa dada yake siku za mapumziko. Kiangazi kilichofuata kinyozi alikwenda kwenye mapango ya popo na yule dereva wa lori. Mwalimu alipata habari kwa mkewe, safari ikiwa imekwisha. Mwaka uliofuata kinyozi alikwenda kwenye chumvi.

Kukanyaga breki kule mtoni kulimgharimu mwalimu mwanzo wa mto alioutafuta tangu utotoni, ambao hajauona mpaka leo, na safari zote zilizobaki.