Rangi ya Divai ya Meja

Kwa miaka arobaini Williamina Cruickshank alikaa dirishani kwake, kando ya mto Spey huko Uskoti, akizivisha ndoana nguo nzuri kuliko alizowahi kuvaa yeye mwenyewe. Wavuvi wa samoni huviita vyambo hivyo vya manyoya nzi, ingawa nzi mwenye mabawa ya rangi tatu, kishungi cha kwale wa Kichina na mshipi wa uzi wa fedha angefukuzwa na nzi wenzake kwa majivuno. Samoni naye, akishapanda mtoni kwenda kutaga, hali kitu. Kwa hiyo mabwana wa klabu ya uvuvi hutumia mali zao kumtongoza kiumbe aliyefunga saumu, na siku kiumbe huyo akiuma kwa hasira tu, wao hujiita mafundi.

Mina hakuwahi kuvua hata siku moja. Klabuni hakuruhusiwa mwanamke, isipokuwa awe amebeba supu. Hayo yote hayakumsumbua. Kitu kimoja tu ndicho kilichomkaa rohoni kwa miaka ishirini na mitano: alitaka jina lake liandikwe chini ya nzi wake.

Nzi huyo alizaliwa mwaka hamsini na nane, siku Mina alipoishiwa sufu nyekundu ya kuzungushia tumbo la nzi. Akachomoa kidogo kwenye sufu aliyokuwa ameitia rangi kwa ajili ya soksi za mumewe Dod, mtengeneza mapipa kwenye kiwanda cha wiski. Rangi ilikuwa ya zambarau iliyoiva, yenye mng'ao wa ajabu ikilowa. Meja Ogilvie-Strang wa klabu akamchukua nzi yule, akavua naye samoni wa ratili thelathini na moja, na kufika Jumamosi alikuwa ameshambatiza "Divai ya Meja". Pale klabuni akasimulia kwamba sufu ile ameilowesha yeye mwenyewe kwenye divai ya zamani ya ghala lake. Akaanzisha na desturi: kabla ya kumrusha nzi kwa mara ya kwanza kila msimu, mvuvi amrambe, ili kuiamsha divai.

Bella, wifi yake Mina, ndiye aliyekuwa akipeleka supu. Kila Februari alirudi ameshika mbavu.

"Wameramba tena, wifi!"

"Wote?"

"Wote. Mchungaji kafumba na macho."

Mwaka themanini na tatu, Meja akiwa ametimiza miaka kumi kaburini, mwenyekiti wa klabu, wakili mstaafu Ranald Pitcairn, alikuja mlangoni kwa Mina na ombi. Walitaka Divai ya Meja mmoja, mzuri kupita wote, akae ndani ya kisanduku cha kioo juu ya meko ya klabu. Kibao cha shaba kilikuwa tayari. Kilisema: *Mbunifu: Meja A. Ogilvie-Strang.*

"Bwana Mwenyekiti, nzi huyu nilimbuni mimi."

"Bi Mina, tuelewane. Wewe ulifunga tu. Fundi cherehani haandiki jina lake kwenye koti la watu."

"Huandika. Hilo lako lina jina la fundi hapo ndani ya kola."

Pitcairn akaipapasa kola yake kama aliyeambiwa ana mdudu. "Na rangi je? Rangi ni ya divai ya Meja. Kila mtu anajua."

"Rangi naijua mimi."

"Basi siku ya kufungua msimu mtoni uje utupe maneno mawili juu ya kazi ya mikono. Mawili tu, Bi Mina. Kuna baridi."

Mina akamfunga nzi yule kwa siku tatu. Alichana nyuzi za manyoya ya bukini, nyekundu, njano na buluu, akazipanga ubavu kwa ubavu na kuzisugua taratibu kwa kidole gumba mpaka zikashikana zenyewe, zikawa unyoya mmoja ambao Mungu alisahau kuuumba. Za bawa la kushoto zilitoka kwenye manyoya ya kushoto, za kulia kwenye ya kulia. Ukizichanganya, bawa hukataa kusimama na hugeuka kama mlevi anayetafuta mlango. Kishungi cha kwale kilikuwa kimenyooka mno, basi akakilowesha na kukilaza ndani ya bilauri ya wiski ya marehemu Dod hadi kikakauka na mkunjo wa bilauri. Ndoana ikiwa bado imebanwa kwenye jiliwa, akafungua mkebe. Sufu ya Dod ilibaki kiasi cha kidole cha mtoto. Akaitoa yote, akasokota, akazungusha.

"Utasema?" Bella akamuuliza.

"Nimeombwa nieleze kazi. Nitaeleza kazi."

Asubuhi ya tarehe kumi na moja Februari, mabwana kumi na mmoja walisimama ndani ya kibanda cha klabu, suruali za mpira zimewafika kifuani. Mpiga zumari ya mfuko akapiga. Wiski ikamwagwa kidogo mtoni na nyingi kooni. Pitcairn akahutubia juu ya kipaji cha Meja, kisha kila mmoja akatoa Divai yake, akaiweka ulimini kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea komunyo.

"Utamu wake haujapotea," alisema mchungaji.

"Sasa Bi Mina, maneno mawili," Pitcairn akasema.

Mina akafuta mikono kwenye aproni. "Rangi hii hatutumii divai. Unakwangua kuvu ya kijivu iliyoota juu ya mawe kule mlimani. Unaiweka ndani ya ndoo, unajaza mkojo. Unaifunika, unaiacha karibu na jiko wiki tatu mpaka ichachuke, ndipo unatia sufu. Mama mkwe wangu alinifundisha."

Zumari ikakoroma kwapani mwa mpigaji.

"Mkojo," Pitcairn akasema polepole, "wa ng'ombe?"

"Wa kaka yangu Dod," Bella akajibu kutoka kando ya sufuria ya supu. "Wa Jumapili asubuhi. Ndio uliokuwa na nguvu."

"Lakini nilisuuza vizuri," Mina akaongeza, "msiwe na wasiwasi."

Mchungaji alitoka nje bila kuaga. Wengine waliishambulia chupa. Pitcairn, kwa kuwa alikuwa wakili, ndiye aliyepata akili kwanza: akatoa kisu mfukoni na kuanza kufungua skrubu za kile kibao juu ya meko.

"Waungwana, ni dhahiri Meja, shujaa wa vita viwili, hakuhusika kwa namna yoyote na nzi huyu. Heshima yake lazima ilindwe. Mbunifu ni Bi Cruickshank. Peke yake!"

Kibao kipya kilipigiliwa mwezi wa Machi, jina lote, Williamina Cruickshank, bila hata kufupishwa. Mina alikwenda kukiona akiwa hana supu mkononi.

Mwezi wa Aprili samoni waligoma. Sufu za dukani hazikufua dafu. Jioni moja Pitcairn akabisha mlango wa nyuma, kofia mkononi.

"Bi Mina, ile sufu... imebaki?"

"Imekwisha. Na Dod ana miaka sita chini ya ardhi."

"Sasa tutafanyaje?"

Mina akamwangalia kuanzia viatu hadi nywele. Akaingia stoo, akarudi na ndoo yenye kifuniko, ndani yake kuvu ya kijivu tu, akampa.

"Wiki tatu," alisema. "Na usichungulie."