Mabomba Mafupi ya Marvena

Kwa majuma matatu nilimdhania Marvena Pruitt kuwa mtu asiyejua anachokitaka. Nakiri hili kwa haya, kwani tumekuwa majirani miaka kumi na mmoja katika mji wetu wa jangwani, mashariki ya California, na mtu hahitaji shahada ya jiolojia, kama niliyo nayo, ili amtambue jirani yake. Lakini sisi tuliosoma tuna ugonjwa wetu: tukimwona mtu anauliza sana, tunadhani hajui.

Alichokuwa akiulizia ni mabomba ya kutolea moshi. Manifodi ya jipu lake dogo, gari la miaka thelathini na mitano, yaani chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye injini, ilikuwa imepasuka. Kila alipokanyaga mafuta injini ililia kama cherehani, na moshi ulipenya hadi kwenye viti. Manifodi ya aina ile haitengenezwi tena, hivyo ilimlazimu achague mabomba ya watengenezaji wengine, na achague upesi. Usajili wa gari ulikuwa unakwisha tarehe thelathini Juni, na jimbo letu halisajili gari ambalo halijapita ukaguzi wa moshi.

Mtu mwingine angeliegesha gari akangoja. Marvena hakuweza. Kila Juni wanachama wa klabu yetu ya magari hupanda milimani kujaza matangi wanamokunywa kondoo-mwitu chemchemi zinapokauka, na kila mmoja ana tangi lake. La Marvena ni Tangi Namba Nne. Njia yake hupita kati ya majabali mawili yaliyobanana, na katika klabu nzima ni jipu lake peke yake linaloweza kupenya hapo. Mwaka ule theluji ilikuwa haba. Mwenzetu mmoja aliyepanda kwa miguu katikati ya Juni alirudi na habari kwamba maji yaliyosalia tangini hayafiki kifundo cha mguu.

Hollis Yarnell, muuza vipuri, alikuwa ameshaamua kwa niaba yake.

"Dada Marvena, chukua haya marefu," alimwambia dukani, akilipangusa boksi vumbi. "Haya yanaipa injini pumzi. Ukipita, mji mzima unajua umepita."

"Na kondoo nao watajua. Watahamia Nevada."

"We mama, unanunua mabomba au unanunua blanketi?"

"Nanunua kitu cha kupandia mawe na galoni sitini za maji mgongoni, Hollis. Wewe unaniuzia kitu cha kukimbia polisi."

Mimi nilimwonea huruma, na huruma yangu, kama kawaida, ikageuka jedwali. Nilikaa siku nne nikilinganisha aina saba za mabomba: unene wa chuma, uzito, urefu, nguvu zinazoongezeka. Nilimpelekea karatasi ile kama mtu anayepeleka dawa. Marvena aliisoma yote, akashukuru, kisha akaniuliza lilelile alilokuwa amemuuliza Hollis.

"Yapi yana kibati cha jimbo?"

Kibati hicho ni kipande kidogo cha chuma chenye namba ya kibali, na huwekwa juu ya bomba lenyewe. Mkaguzi hapimi moshi tu. Huinua boneti akaitafuta namba hiyo kwa macho, na asipoiona, gari limeanguka hata likitoa hewa safi kama ya mlimani. Jedwali langu lilikuwa na safu tisa, wala hapakuwa na safu ya kibati. Tulipochunguza, aina tano kati ya saba zilianguka palepale. Kati ya mbili zilizobaki alichagua mabomba mafupi, yanayoikumbatia injini na kuipa nguvu hata magurudumu yanapozunguka polepole kabisa. Yasingegonga mawe wala kupiga kelele.

Hapo ndipo ningepaswa kuelewa kwamba alikuwa akiuliza ili ajue nani kati yetu angetaja kibati bila kukumbushwa. Sikuelewa. Nilijiona nimemsaidia.

Aliyafunga mwenyewe, bolti kwa bolti, kisha akarudi kazini kwake, jikoni katika nyumba ya wazee. Mimi nikaomba nifanye jambo moja la ziada. Nilikuwa nimesoma kwamba mabomba yakizungushiwa utepe wa kuzuia joto, injini hupumua vizuri zaidi. Kwa siku mbili niliinama chini ya boneti ile nikizungusha utepe na kuukaza kwa waya, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Marvena alipotoka kazini alisimama kitambo, mikono mifukoni.

"Umefunga vizuri, profesa," akasema. "Utafikiri mguu uliovunjika."

Nilidhani ananisifu. Wala mimi si profesa.

Tulikwenda kwa mkaguzi Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Ruben Etcheverry hafungui Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo siku ilikuwa hiyo tu. Aliingiza kipimo kwenye bomba la nyuma, akatazama tarakimu, akaridhika. Kisha akainua boneti.

"Kibati kiko wapi?"

Marvena alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kiko ndani," nikasema.

"Ndani ya nini, bwana?"

"Ndani ya... utepe."

"Mimi nakagua kwa macho, rafiki yangu. Eksirei wanayo hospitalini." Akatazama saa ukutani. "Nafunga saa kumi. Sasa hivi ni saa tisa na robo."

Sitaeleza yote yaliyopita katika dakika zile. Mabomba yalikuwa yangali moto, waya nilizokaza kwa fahari zilikataa koleo, na glavu za Etcheverry zilikuwa na tundu pale hasa kidole changu kilipohitaji kinga. Marvena alikaa juu ya tairi kuukuu akila burito ya maharage.

"Polepole, profesa," aliniambia. "Usimwamshe mgonjwa."

"Dada, tafadhali."

"Nani kakufundisha kufunga namna hii? Wafunga maiti wa Misri ya kale?"

Saa kumi kasorobo kibati kikaonekana. Nilikifuta kwa kidole gumba, nikaungua, na sikujali. Etcheverry aliisoma namba kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, akapiga muhuri. Niliketi chini kwenye saruji na kupumua, kwa mara ya kwanza nadhani tangu tuingie pale. Mikononi mwangu kulikuwa na lundo la utepe kama ngozi aliyojivua nyoka.

Jumapili tulipanda. Pale kwenye majabali jipu lilipenya likinguruma kwa sauti ya chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusalimia, na maji mgongoni hayakumwagika hata kikombe. Tangini palikuwa pamebaki tope la kijani. Tulipofungulia maji, kondoo jike na mwanawe walisimama ukingoni juu yetu, wakatutazama, wala hawakukimbia. Marvena alimimina kahawa kutoka kwenye termosi, akanipa kikombe cha kwanza.

Mwezi wa Oktoba, klabu ilipokutana kuchoma nyama, Etcheverry alinisogelea na sahani yake. Akaniambia kwamba namba ileile ilikuwa kwenye stika iliyobandikwa upande wa ndani wa boneti. Marvena aliibandika mwenyewe siku aliyonunua mabomba, na stika hiyo peke yake ingetosha. Yeye Etcheverry aliiona mara tu alipoinua boneti. Ila nyuma yangu Marvena alikuwa ameweka kidole mdomoni. Utepe ule hushika maji, na mabomba yangeoza kabla ya Juni iliyofuata. Marvena alitaka utoke, lakini hakujua namna ya kumwambia mtu aliyeufunga kwa siku mbili.