Betri ya gari langu la umeme ilichoka njiani, nikakosa kumzika shangazi

Wakuu, amani iwe kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha uende. Sitatia chumvi, na aliyeniuzia gari simtaji, maana sikuja hapa kumchafua mtu.

Mimi naishi Chuno, Mtwara mjini. Kazi yangu ni ya maabara. Nina gari dogo la umeme, used kutoka Japani, nililolinunua kwa muuzaji mmoja Dar.

Siku ya kukabidhiwa alinionyesha dashibodi: chaji asilimia mia. Akanipa na karatasi ya waranti ya betri, miaka miwili, ina muhuri. Nikaikunja nikaitia kwenye droo. Wakuu, nilichosoma pale ni muhuri tu.

Mwaka wa kwanza raha tupu. Kazini, sokoni, msikitini, nikirudi nyumbani nachomeka ukutani. Wale mtakaoniambia ningechukua la petroli, nawaona, tulieni kwanza.

Pembeni ya dashibodi kuna vipande vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Gari jipya huwa na kumi na viwili; langu lilikuwa na tisa nilipolinunua. Vikawa nane. Vikawa saba. Jua la huku mnalijua, na gari lilikuwa linashinda juani kazini kutwa nzima. Sikujali, kwa sababu kila asubuhi chaji ilisoma mia.

Sasa niwaambie habari za shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa anaishi Mpapura. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akawa mtu wa kusafiri, basi yeye ndiye aliyenilea. Alinisomesha kwa korosho zake. Hakuzaa. Ukimuuliza ana watoto wangapi alikuwa anajibu, "Wawili," yaani mimi na dada yangu Somoe.

Siku hiyo baba mdogo alipiga simu baada tu ya swala ya alfajiri. Nilijua kabla hajasema. Simu ya saa ile haina salamu.

"Dada ametangulia," akasema. "Tunazika baada ya adhuhuri."

Nikamjibu, "Sanda na vitu vyote vya maziko nakuja navyo mimi, baba. Msinunue kitu. Na Somoe nakuja naye."

Somoe huwa anaosha maiti za kina mama hapa mjini. Shangazi alishausia kwamba siku yake ikifika asioshwe na mtu mwingine.

Maduka yalipofunguliwa tulichukua sanda, marashi, kafuri na pamba, tukaondoka. Chaji mia. Dashibodi ikaniambia kilomita zilizobaki zinatosha kufika na kubaki na akiba.

Mji ulipokwisha nikaanza kuona namba zinashuka haraka kuliko barabara inavyokwenda. Nikazima kiyoyozi. Tukafungua vioo. Kwenye mlima mmoja chaji ilikuwa thelathini, kufika juu ikawa kumi na nne. Ikawaka taa ya alama ya kobe, gari likapungua mwendo lenyewe, likatambaa kidogo, likasimama.

Kimya. Korosho kushoto, korosho kulia. Ilikuwa yapata saa nne.

Somoe hakunilaumu. Alilikumbatia furushi la sanda tu, akawa anatazama barabara.

Nikampigia baba mdogo. Akasema pikipiki zilizokuwepo kijijini zimetumwa kupeleka habari kwa ndugu, atajaribu kutafuta usafiri.

Baada ya muda ikatokea bodaboda kutoka upande wa mjini, jamaa mtu mzima kiasi, nyuma kafunga gunia la unga. Nikamsimamisha nikamweleza. Hakuuliza maswali mengi. Akashusha gunia.

"Mama apande," akasema. "Gunia hili la watu, kaka. Nililindie, nikimfikisha nakurudia wewe."

Somoe akapanda na furushi. Nikabaki na gari lisilokwenda na gunia la mtu nisiyemjua hata jina.

Nikasubiri. Ikapita pikipiki nyingine ina nafasi. Nikatazama gunia, nikatazama barabara. Nikamwambia aende zake. Wengine mtaniita mjinga. Lakini mtu yule alikuwa amembeba dada yangu kwa kuniamini. Na nilijua anarudi.

Saa sita ikapita. Saa saba. Simu ya Somoe haikupokelewa, na nilielewa kwa nini. Nikatawadha kwa maji ya chupa, nikaswali adhuhuri pembeni ya barabara.

Saa nane na nusu yule jamaa akarudi. Aliposhuka nikaona suruali yake ina udongo mwekundu mpaka magotini, na mikononi pia.

"Kaka nisamehe," akasema. "Nilikuta wachimbaji wawili tu, nao wazee. Nikaona nikiondoka kaburi halitakuwa tayari. Nikachimba nao. Tulipomaliza ikaja jeneza, nikashindwa kuondoka."

Nikamuuliza, "Ameshazikwa?"

"Ameshazikwa. Nami niliingia kaburini kumpokea."

Wakuu, nililia mbele ya mtu yule kama mtoto. Mgeni kabisa ndiye aliyeingia kaburini mahali pangu. Alinishika bega, akasubiri nimalize.

Jina lake Saidi. Leo ni ndugu yangu.

Nilifika Mpapura alasiri.  Baba mdogo alinishika mkono akanipeleka kaburini, akasema, "Weka udongo wako mwanangu. Hukuchelewa kwa kutaka." Nikaweka mafumba matatu. Kuna siku yale maneno yananitosha, na kuna siku hayanitoshi.

Gari lilivutwa hadi mjini. Wiki iliyofuata fundi mmoja akalipima kwa kifaa chake. Akaniambia betri imebaki na zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake.

Nikamwambia, mbona inasoma mia? Akasema, "Ndoo ikijaa mchanga hadi katikati, ukimimina maji itajaa pomoni. Imejaa, lakini maji ni nusu ndoo."

Ndipo nikaitoa ile karatasi. Nikaisoma neno kwa neno, kwa mara ya kwanza. Inalinda kasoro za kiwandani: seli kufa, betri kuvuja, betri kugoma kabisa kuchaji. Chini, kwa maandishi madogo: kupungua kwa uwezo kutokana na umri, matumizi au joto hakuhusiki.

Nikampigia muuzaji. Alikuwa mpole.

"Kaka, pole na msiba. Lakini betri yako haijafa. Imechoka. Waranti ni ya iliyokufa."

Nikauliza ile ya kiwanda, maana nilisikia inalinda hata uwezo ukishuka chini ya kiwango fulani. Akasema hiyo ilikuwepo, ila ilianza kuhesabiwa siku gari lilipouzwa jipya kule Japani, tena kwa masharti ya kule. Iliisha kabla gari halijapanda meli.

Hakunidanganya, wakuu. Hakuniambia tu. Na mimi sikuuliza.

Mwezi uliopita nikaamua kuliuza. Akaja mwalimu mmoja kuliangalia. Likiwa limejaa chaji, asilimia mia, linang'aa. Akalipenda. Akaniambia anataka gari la kumpeleka mama yake kliniki, wanaishi Kilambo.

 Nakiri nilishawishika. Neno moja tu, "lipo vizuri," lingetosha.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwa hapa mjini litakufaa. Kilambo na mama mgonjwa ndani, hapana." Nikampa karatasi ya vipimo vya fundi.

Akaisoma yote amesimama. Akanishukuru, akaondoka. Gari bado ninalo.

Kwa hiyo wakuu, unayetaka gari la umeme used: asilimia ya chaji siyo uzima wa betri. Mtafute fundi apime uwezo uliobaki kabla hujalipa. Soma waranti, uliza kama inahusu uwezo kupungua au kufa tu, imeanza kuhesabiwa lini, na nani ataitekeleza hapa Tanzania. Akisita kukujibu, jibu umeshapata.

Kama kuna aliyewahi kudai waranti ya betri akapewa haki yake, aseme hapa alifanyaje, tujifunze. Na mwenye kuuza, mwambie mnunuzi ukweli wote. Hujui gari lile litakuwa linamkimbiza kwa nani.