Ganzi Isiyotoka

Ukiwauliza watu wa Tandika harusi gani ilinoga, watakutajia ile aliyopuliza Mwishehe. Tangu ujanani alikuwa mpiga tarumbeta katika kundi la mzee Fakihi, linalopanda nyuma ya pikapu na kumtangulia bwana harusi mtaa kwa mtaa. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, binti yao Najat ameolewa Mtwara, lakini Mwishehe hakuwahi kujiona mpweke. Kila wikiendi alikuwa na watu.

Kisha gego la mwisho likaanza kumuuma mpaka shavu likavimba, akaenda kuling'oa. Mizizi yake ilikuwa imejipinda na kuukumbatia mshipa wa fahamu, daktari akahangaika nalo sana. Jino lilitoka. Ganzi haikutoka. Mdomo wa chini, upande wa kushoto hadi kidevuni, ukawa kama nyama ya mtu mwingine. Alipopuliza tarumbeta, pumzi ilivujia pembeni na sauti ikatoka kama ya mbuzi mgonjwa.

"Pumzika kwanza, mdogo wangu," Fakihi alimwambia. "Ukipona utatukuta."

Mwanzoni wenzake walikuja kumjulia hali. Baadaye wakawa wanapiga simu tu, na simu nazo zikakoma. Mwenyewe pia alijitenga. Siku moja kwenye hitima ya jirani, wali ulimganda kidevuni asijue, hadi watu waliposhindwa kuzuia kicheko. Tangu hapo akawa anakula peke yake chumbani, kioo mbele yake na leso mkononi. Jumamosi matarumbeta yakipita, alifunga dirisha, bora joto limuue.

Najat ndiye aliyempigia. "Baba, kuna daktari Kinondoni anatibu mdomo kwa mwanga. Nenda, tafadhali. Sauti yako siku hizi siipendi."

Akaenda. Daktari Benedicta, mwanamke wa makamo, alimwamkia shikamoo kabla ya kumkalisha kitini. Alimpitishia pamba mdomoni kuona ganzi imeishia wapi, kisha akatoa kifaa kama kalamu nene.

"Hii ni leza, baba, ila si ile ya kukatia. Nguvu yake ndogo, haichomi. Mwanga unapenya nyama na kuusaidia mshipa ulioumia ujitengeneze."

"Nitapuliza tena?"

"Hapo sikudanganyi. Kuna wanaorudiwa na hisia zote, kuna wanaopata nusu, na kuna wasiopata kitu. Tena mara nyingine mshipa hupona wenyewe. Tujaribu."

Alimvisha miwani myeusi ya kukinga macho, akaanza kumwekea ile kalamu kidevuni, akiihamisha kidogo kidogo. Mwishehe hakuhisi mwanga wala joto. Alichohisi ni mkono wa pili wa daktari, uliomshika shavu la kulia asitikisike. Akatambua kwamba tangu mkewe afariki, hakuna mtu aliyemgusa uso kwa upole. Machozi yakamlengalenga nyuma ya miwani, akashukuru kwamba ilikuwa nyeusi.

Akawa anarudi kila wiki, na siku hiyo ndiyo aliyoingoja kuliko nyingine zote. Kwingineko hakuwa na wa kuzungumza naye zaidi ya muuza chapati.

Asubuhi moja, akinywa chai, mdomo ulianza kumwasha kama umetembelewa na siafu. Akacheka kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Chumba kitupu. Akampigia Najat, simu haikupokelewa. Akatoka mbio hadi kwa muuza chapati.

"Mdomo umeamka!"

"Ulikuwa umelala wapi, mzee?" akauliza yule, akigeuza chapati.

Hisia zilirudi, ila si zote. Sauti za chini za tarumbeta zilimtii, za juu zikamkimbia. Akampigia Fakihi kumweleza.

"Nafasi yako nimempa Lusungu, yule mtu wa Mbeya. Anajitahidi. Lakini ngoma kubwa haina mtu, Mwishehe."

"Nitapiga."

Jumamosi ile akapanda pikapu, akakaa nyuma kabisa na ngoma yake. Lusungu alipuliza mbele, wanawake wakapiga vigelegele, wakamtunza. Mwishehe aliangalia migongo ya wenzake na kupiga kwa nguvu zake zote. Mtaani hakuna aliyemtambua.

Jioni walimshusha Tandika.

"Wiki ijayo tuko Mbagala," Fakihi akamwambia. "Uwahi."

"Inshallah."

Akasimama kando ya barabara, mpaka pikapu ilipokata kona.