Kidole Gumba cha Mjomba Kiraka

Mjomba wangu ni fundi pancha. Mtaa mzima unamwita Kiraka, hata mkewe, akiwa na hasira. Fahari yake yote iko kwenye kidole gumba cha kulia. Ndicho anachokandamizia viraka, na hakuna nyundo anayoiamini kuliko hicho. Siku kilipogusa ekzosi ya moto ya pikipiki ya mteja, alikipuliza kwa pampu ya upepo mpaka mwenye pikipiki akaona aibu, akampakia kumpeleka zahanati.

Nesi alikiosha, akaweka kitambaa chembamba chenye dawa ya antibayotiki, akafunga bandeji.

"Kisilowe. Keshokutwa urudi tubadilishe."

Mjomba aliitikia vizuri kabisa. Kufika tu kibandani, akakitumbukiza kwenye karai la kupimia tyubu, maji meusi tii.

"Si umeambiwa kisilowe?" mwenye pikipiki akashangaa.

"Sasa nitajuaje kama kinavuja?" Akainama, akakodoa macho. "Hakuna povu! Yule dada anaijua kazi. Kimeshika."

Keshokutwa hakurudi. Eti kumbandulia fundi mwenzake kiraka ni kumtukana. Kidole kikavimba, akasema kimejaa upepo. Kikaanza kunuka, akasema ni mpira. Wateja wakawa wanamviringishia tairi kutoka ng'ambo ya barabara.

Kisha homa ikampanda, hata bisibisi ikawa inamponyoka. Mkewe akaja kibandani na gurudumu la toroli.

"Ziba hili."

Akalipapasa. "Mama watoto, msumari bado umo."

"Ziba juu yake."

"Juu ya msumari? Kwani mimi fundi wa wapi?"

"Fundi wa hicho kidole, Kiraka!"

Mjomba akakitazama kidole kama anavyotazama tairi la mteja mwongo. Akavaa kofia, akaondoka bila kubishana, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona.

Nesi alipofungua bandeji alirudi nyuma. "Kaka, ungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumzia kukikata."

Mjomba akawa mdogo kama kidonge cha pilitoni. Daktari akamwandikia vidonge. Nesi akaosha upya, akapaka dawa.

"Ongeza, dada. Solusheni haipakwi kwa uchoyo."

"Hii siyo gundi. Inapakwa nyembamba, juu ya kidonda tu. Na ngozi ikianza kuwasha au kutoa vipele, usijikaze kiume, njoo."

Safari hii alirudi kila alipoambiwa, na kidole kikapona. Sasa inayoumwa ni biashara. Ukizibiwa pancha, Mjomba anakushika mkono, "Keshokutwa urudi nikibandue, tuone ndani pakoje." Wateja wanaondoka wakisonya.

Juzi nesi mwenyewe kaleta baiskeli yake.

"Kaka, wewe niwekee kiraka tu, niende zangu."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo," Mjomba akamjibu, huku akikandamiza kwa kidole gumba. "Keshokutwa, dada. Na kisilowe."