Jina Chini ya Kichwa cha Habari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kwa kujaza karatasi. Nilikuwa nimetoka Ushirombo na cheti cha upigaji chapa nilichokipata kwa masista, nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu, na nilitaka ofisi nzima ya Shinyanga ijue kwamba vidole vyangu ni vyepesi. Nikapewa habari ya kuchapa. Nikaichapa kutoka juu hadi chini, ukingo hadi ukingo, bila kuacha nafasi ya kupitisha hata sindano. Bwana Mhariri akaitazama, akanirudishia.

"Isome kwa sauti," akasema. "Na usipumue mpaka ufike mwisho wa aya."

Aya yenyewe ilikuwa ukurasa mzima. Kabla sijafika katikati nilianza kukohoa, na yeye akacheka mpaka akavua miwani.

"Msomaji wetu yuko machimboni, Bi Anastazia. Anasimama mdomoni mwa duara, anawasomea wenzake wasiojua kusoma. Ukimnyima pumzi, hiyo karatasi ataifungia ugoro."

Duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo la dhahabu, lile linaloshuka wima ardhini mtu akateremka kwa kamba. Jarida letu, la ofisi ya mkoa, liliitwa Mdomo wa Duara, kwa sababu hapo mdomoni ndipo watu hukaa wakisubiri zamu, na mtu anayesubiri zamu husikiliza.

Nayaeleza haya kwa kuwa kikundi cha vijana wa Kahama wanaoandika mtandaoni wameniomba niwape vidokezo. Wanataka kujua namna ya kupanga maandishi yavutie na namna ya kupata wafuasi. Nimekubali. Ila nawaambia mapema kwamba nina hasira, na hasira yangu ina umri mkubwa kuliko simu zenu.

Miaka ile ya tisini hatukuwa na kompyuta. Tulikata stensili, yaani karatasi laini yenye nta. Unausogeza pembeni utepe wa wino wa taipureta ili herufi za chuma ziipige nta yenyewe na kuitoboa. Kisha unaivika stensili kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, wino unapita kwenye vitobo, na nakala zinatoka moja baada ya nyingine zikinuka. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, inayofanana na rangi ya kucha, inaziba vitobo, unasubiri ikauke, unapiga upya. Ndiyo maana tulifikiri kabla ya kupiga. Ninyi mnafuta kwa kidole, na bado mnatuletea madudu.

Bwana Mhariri hakuwahi kuandika kanuni zake popote. Alizisema tu akipita nyuma ya kiti changu. Aya fupi, mtu apumue. Kichwa cha habari kiseme habari ni ya nini, kisijifiche kama bibi harusi. Herufi kubwa zisitumike ukurasa mzima, maana ni sawa na kumfokea mgeni aliyekuja kukusalimu. Nafasi nyeupe pembeni iachwe, maana kule machimboni karatasi hushikwa na vidole vyenye tope, na tope likifika kwenye maneno ndiyo basi tena. Na chini ya kichwa cha habari, kabla ya neno lolote, liwekwe jina la mwandishi na mahali anapotoka.

"Kwa nini lisikae mwishoni?" nilimuuliza. "Barua zote jina liko mwishoni."

"Wewe ukigongewa mlango, unauliza 'nani' kabla ya kufungua au baada?"

Nikapiga jina juu.

Baadaye nilipelekwa machimboni, toka Geita hadi Mwakitolyo, kutafuta wasomaji. Nilipanda magari ya mizigo, nikala vumbi, nikalala kwa mama ntilie waliokuwa na nafasi. Kila kambi nilitafuta mtu mmoja mwenye sauti anayejua kusoma, nikamkabidhi nakala, nikamwomba kitu kimoja tu: wakimaliza kusoma awaulize wenzake wanasemaje, kisha majibu ampe kondakta wa basi atuletee. Na sisi tuliyachapa majibu yao, hata ya waliotutukana kwa adabu. Mtu wa Nyarugusu akiuliza jambo, wa Mwakitolyo anamjibu toleo linalofuata. Watu wasiowahi kuonana wakaanza kusalimiana kwenye jarida na kuulizana hali za watoto. Ninyi mnaniuliza namna ya kujenga jamii ya wasomaji, na mtu akiwaandikia hoja ya maana mnamjibu kwa kidole gumba! Jibuni watu. Mjibuni kwa jina lake, kwa maneno, na mkumbuke alichosema mara iliyopita.

Mama Kulwa nilimkuta Mwakitolyo. Alikuwa mchenjuaji. Wachenjuaji ndio wanaosaga mawe, wakayaosha kwenye karai na kuyachanganya na zebaki ili dhahabu ishikamane, kisha wanaichoma ile zebaki ipae na dhahabu ibaki. Alikuwa mama wa mapacha, Kulwa na Doto, mwembamba, mwenye ulimi mkali.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, maana mimi ni Msumbwa.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa hilo karatasi? Toleo lililopita mmeandika foleni ya maji imekwisha. Imekwisha kwa nani? Hapa jana tumechaniana khanga kisimani."

"Basi andika wewe, mama."

"Mimi? Darasa la nne?"

Akaandika. Bwana Mhariri alinyoosha hapa na pale, lakini sauti aliiacha vilevile, na mzaha wa khanga akaubakiza. Toleo lilipofika Mwakitolyo, msomaji wa kambi alisema, "Imeandikwa na Mama Kulwa, Mwakitolyo," watu wakapiga vigelegele kabla hata hajaendelea. Tangu siku ile wanawake wa kambi walimpelekea habari zao. Nao wakaanza kuandika, kwanza kwa kumwiga, kisha kwa njia zao.

Halafu Bwana Mhariri akastaafu. Mimi nikarudishwa Shinyanga, nikamkuta Mkuu wa Kitengo, mtu mpya, mwenye suti ya rangi ya majivu na kalamu tatu mfukoni. Sijui tatu zilikuwa za nini, maana hakuandika. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuweka salamu zake ukurasa wa mbele. La pili, nafasi nyeupe zijazwe, kwa kuwa karatasi ya ofisi si ya kuchezea. La tatu, majina yaondoke.

"Hili ni jarida la ofisi," alisema. "Ofisi ndiyo inayosema."

"Mkuu, lakini walioandika ni wao."

"Wao ni chanzo cha habari, Bi Anastazia. Usichanganye chanzo na mwandishi."

Wiki hizohizo kondakta akaleta habari ya Mama Kulwa. Mtoto wake Doto alikuwa ameanza kutetemeka mikono, akawa hawezi kushika kikombe bila kumwaga. Hospitali wakamuuliza mama anachomea wapi zebaki. Akarudi nyumbani akaandika. Sina karatasi ile, lakini maneno yake ya mwanzo ninayo kichwani:

"Sufuria niliyochomea zebaki ndiyo niliyompikia Doto uji. Sikujua. Wewe sasa unajua. Toa sufuria yako jikoni, kachomee mbali na nyumba, na watoto wasikufuate."

Nilikata stensili ile nikilia, na sikuona aibu. Niliacha nafasi pembeni. Nikagawa aya fupi. Chini ya kichwa cha habari nikapiga jina lake. Mkuu wa Kitengo alikuja, akasoma, akasema, "Nzuri sana hii." Kisha akachukua kichupa cha dawa nyekundu mezani pangu, akapaka juu ya jina, taratibu, kama mtu anayempaka mpenzi wake rangi ya kucha. Akapuliza ikauke. Akachukua kalamu ya chuma akaandika mwenyewe: Imetolewa na Mkuu wa Kitengo.

Jarida likaenda. Mwakitolyo wakasomewa. Nao wakasema walichosema, ambacho mtu yeyote mwenye akili angekitarajia: ofisi inataka tuache kuchenjua ili wakubwa waje wachukue mawe yetu. Sufuria zikabaki jikoni.

Mama Kulwa alikuja Shinyanga mwenyewe, Doto mgongoni, ingawa mtoto alikwisha kuwa mkubwa wa kutembea. Karatasi ilikuwa mkononi.

"Jina langu liko wapi?"

"Mama, karibu, kaa," Mkuu wa Kitengo alisema. "Ujumbe si umefika? Jina la nini? Au unatafuta umaarufu?"

"Nimewaambia wenzangu ni mimi nimeandika. Wamenicheka. Wanasema nimehongwa na ofisi niwatishe. Wananijua mimi, baba. Wanamjua Doto. Wewe nani anakujua kule?"

"Toleo lijalo tutaangalia."

"Toleo lijalo watoto watakuwa wamekunywa uji mara ngapi?"

Nilisimama, nikasema palepale kwamba stensili niliikata na jina lake na aliyelifuta ni Mkuu. Nilisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilisema na mengine ambayo masista wasingependa kuyasikia. Mama Kulwa akanishukuru, "Wabeja, mwanangu," akambeba Doto tena akaondoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaonyesha mikono ya mtoto wake. Wengine walielewa. Wengine hawakumfungulia mlango.

Mimi nikahamishiwa stoo ya Ushirombo, kuhesabu majembe. "Utakuwa karibu na kwenu," Mkuu wa Kitengo aliniambia kwa tabasamu. Na jarida? Wasomaji wa kambi waliacha kumpa kondakta majibu. Ofisi ikabaki inajiandikia, inajisomea, inajipongeza, hadi siku moja mashine ya kurudufu ikaharibika na hakuna aliyeuliza. Nimestaafu na bado likinijia hilo silali.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini nimekubali kuwaandikia. Juzi kwenye kundi la simu la ukoo wetu, mtu alirusha ujumbe. Herufi kubwa tupu, aya moja, hakuna nukta, moto na fuvu vimechorwa kila mahali, mwisho umeandikwa TUMA KWA WATU KUMI. Nilitaka kuupita. Kisha nikaona: SUFURIA NILIYOCHOMEA ZEBAKI NDIYO NILIYOMPIKIA DOTO UJI.

Maneno yake, neno kwa neno, yamezunguka miaka yote hiyo bila mwenyewe. Mama Kulwa alikwisha fariki. Na chini ya ujumbe ndugu zangu walikuwa wanajibu: uzushi huo. Nani kathibitisha? Hizi ni mbinu za wenye makampuni. Mkwe wangu Pili, mke wa mwanangu anayechenjua Mwakitolyo, wanakokaa na wajukuu zangu, alikuwa ameweka vikatuni vya kucheka.

Nilivaa miwani. Nikaandika upya kwa kidole kimoja. Herufi ndogo. Aya fupi, na nafasi kati yao. Kichwa cha habari: Sufuria ya Zebaki Isipikie Watoto. Chini yake: Imeandikwa na Mama Kulwa, Mwakitolyo. Nikatuma.

Halafu Pili akaandika.

"Shikamoo mama. Mama Kulwa yupi? Mama yake Doto anayeuza vocha huku kwetu, yule wa mikono inayotetemeka?"

"Marahaba. Huyohuyo."

Nikasubiri, simu mapajani.

"Naitoa sufuria nje sasa hivi, mama."