RAM Mpya na Mkono wa Baba

Baba aliendesha treni za reli ya kati hadi alipostaafu, akajenga Itigi, mahali ambapo honi humfikia akiwa sebuleni. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi upesi, mkono ukasuasua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonya kwamba mkono usiotumiwa hulala moja kwa moja, hivyo tumtafutie kazi ya vidole atakayoipenda. Mpira wa kuminya aliutupa uani. Alisema yeye si mtoto mchanga.

Kazi niliyompatia ilikuwa gemu. Nimefikia umri wa kuamkiwa shikamoo madukani, lakini ninamiliki kompyuta mpakato ya kuchezea magemu, na sioni haya isipokuwa mbele ya wakwe. Nilimwekea mchezo wa kuendesha treni, kidole cha mkono wa kulia kikae juu ya kitufe cha breki. Alikitazama kioo kwa muda, kisha akatoa hukumu:

"Aliyetengeneza hii hajawahi kushuka mteremko wa Saranda na mabehewa ya mzigo."

Lakini alicheza. Kila nilipokwenda Itigi kutoka Singida Mjini, ninakofanya kazi, alikuwa ameshaketi mezani ananisubiri.

Tatizo lilikuwa stesheni. Treni ilipokaribia majengo na watu, picha iliganda, ikaruka, na baba akajikuta ameipita plafomu. Mwanzoni aliilaumu mashine. Baadaye akaanza kuutazama mkono. Safari moja nilimkuta anakula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo katika nyumba yetu hata mtoto hukaripiwa kwa kulifanya. Mama aliinamisha macho kwenye sahani yake. Hapo ndipo hofu iliponishika: mashine yangu ilikuwa inamfundisha baba kwamba mkono wake umekufa.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta mjini.

"Mkubwa, RAM zako hizi zinatembea kwa miguu," alisema. "Nikufungie za kasi, utanitafuta unishukuru."

"Una uhakika?"

"Tunafunga hapa, unajaribu hapa. Ikigoma, ondoka na zako."

Nilikuwa nimeshasoma maandishi ya watu wanaopima mambo haya. Wengi walisema kwamba RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiwa inatosha, na ikiwa imewekwa vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja, kuongeza kasi yake huleta nafuu ndogo tu katika magemu mengi. Yangu ilikuwa inatosha, na ilikuwa vipande viwili. Nilijua. Ila mtu mwenye hofu hataki kujua, anataka kufanya kitu. Kijana akafunga, tukajaribu juu ya meza yake, treni ikaingia stesheni laini kabisa. Nikalipa, nikapanda basi la Itigi nikiwa na furaha ambayo sikuiamini sawasawa.

Nyumbani nilichaji mashine. Taa ya chaja ilipoonyesha imejaa, mama akapita akachomoa waya, kama anavyochomoa kila kitu tangu umeme uliporudi kwa kishindo ukaunguza friji. Baba akaketi. Akashika mwendo vizuri. Stesheni ikatokea, picha ikaganda.

Aliuondoa mkono kwenye vitufe, akauweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Hiyo ndiyo RAM mpya?"

"Ndiyo, baba."

"Basi si mashine."

Asubuhi niliketi mbele ya ile kompyuta nikijiuliza ni kitu gani kilichokuwepo mezani kwa yule kijana na hapa hakipo. Kilikuwa waya wa chaja; kule ulikuwa umechomekwa. Mashine za namna hii zikitumia betri hujipunguzia nguvu zenyewe ili chaji idumu. Nimekulia katika nyumba ya kuchomoa. Desturi hiyo sikuwa nikiiona tena. Nikachomeka. Stesheni ikapita laini. Kisha, ili nisijidanganye mara ya pili, nikafungua mashine, nikarudisha RAM za zamani, nikajaribu pale pale. Jicho langu halikuona tofauti yoyote. Kwa mashine kama yangu, ile kasi ya kununua haikuwa na thamani niliyoitumainia.

"Ikiungua, nisiambiwe," mama alisema alipouona waya.

"Haitaungua, mama."

Sikuwa na hakika. Balbu ilipopepesa, moyo wangu ulipepesa nayo.

Ila kulikuwa na hofu kubwa zaidi, ambayo sikumwambia mtu. Sasa picha haikuganda tena. Baba akichelewa, atakuwa amechelewa yeye, na mimi ndiye niliyekiondoa kisingizio chake cha mwisho.

Nilimweleza habari ya betri. Alisikiliza bila kuonyesha kwamba anaamini, akaketi, akakiweka kidole mahali pake. Treni ikaja, ikavuka daraja, stesheni ikaonekana wazi, watu wamesimama. Nilimwona akibonyeza. Kidole kilishuka polepole, ukweli huo siwezi kuuficha, na behewa moja likavuka mwisho wa plafomu.

Niliangalia dirishani. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Hapa nimechelewa mimi," baba alisema. Hakuwa na huzuni. Alizungumza kama dereva anayetoa taarifa ya kazi. "Breki nilitakiwa niianze kabla ya lile daraja. Rudisha nyuma, tuanze tena."